Makande ya Buhongwa

Sauti yangu ni kubwa. Nimeambiwa hivyo tangu utotoni, wengine wakinisifu, wengine wakiniomba nipunguze kidogo, na mimi sikuwahi kuelewa kwa nini Mungu ampe mtu sauti halafu aitumie kunong'ona. Darasani sikuhitaji kengele. Kanisani nikianzisha wimbo, hata waliokuwa wakipiga soga nje waliingia. Kwa hiyo akina mama wa kanisa letu pale Mirongo walipounda kikundi cha kutembelea familia zilizopatwa na shida, hakuna aliyeuliza kiongozi awe nani. Wala mimi sikungoja kuombwa.

Ilikuwa miaka ya tisini, baada ya biashara kuachiwa huru. Mwanza ilijaa vitu kuliko nilivyowahi kuiona, na watu wa kuvinunua wakapungua. Sabuni ambayo zamani tuliipangia foleni tangu alfajiri sasa ilipangwa madukani kwa rangi zote, nasi tukapita tukiitazama. Viwanda vya minofu vilifunguliwa kando ya ziwa. Nyama ya sangara ikapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wenye ziwa tukabaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa yenye vinyama vya kugombania. Wakati huohuo kiwanda cha nguo kikapunguza watu, ushirika wa pamba ukayumba, na maofisi yakafuata. Neno "kupunguzwa" likawa kama jina la ugonjwa. Watu walishusha sauti wakiuliza kama na fulani naye kapunguzwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mshahara ulichelewa mpaka tukasahau ni wa mwezi gani, ila ulikuja. Mume wangu alikuwa karani serikalini na zamu yake ya kupunguzwa haikufika. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba katika habari hii mimi sikuwa mwenye njaa.

Mwanzoni kikundi chetu kilikwenda kwa watu na mizigo. Kila aliyeweza alileta alichonacho: sukari kidogo, unga, mche wa sabuni, chumvi. Tulishona vitenge vya sare, vya njano vyenye maua ya buluu, na kila Jumamosi ya pili tulikwenda nyumbani kwa mtu mmoja aliyepoteza kazi. Tuliimba, tukaomba, mmoja wetu akatoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyomvusha mahali pagumu, tukaacha tulichobeba, tukaondoka. Nilizipenda siku zile kupita kiasi. Nilikuwa nikiamka Jumamosi nikiwa tayari nimeshachagua wimbo wa kuingilia.

Halafu wanawake wakaanza kukosekana. Mmoja anaumwa kichwa, mwingine ana mgeni, wa tatu haonekani kabisa. Nilipowafuata majumbani, kwa ukali wangu wa kawaida, nikagundua sababu ilikuwa moja. Hawakuwa na cha kuleta, na waliona aibu kusimama mikono mitupu karibu na mwenzao mwenye kilo ya sukari. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikasimama katika kikao nikasema tuache kubeba vitu. Sote tuende mikono mitupu, tuwe sawa, tupeleke furaha ya Bwana peke yake, maana hiyo hata aliyepunguzwa kazini anayo ya kutosha kumgawia mwenzake. Walipiga makofi. Mama mmoja alilia kwa kufarijika. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwenye busara.

Mpaka leo siwezi kusema kwamba lilikuwa wazo baya lote. Ubaya wake ulikuwa mahali pamoja ambapo hakuna aliyepataja: kwetu Usukumani mgeni haondoki nyumbani kwa mtu bila kula. Na wageni wenyewe tulikuwa wanane, wa kanisani, tuliotangazwa siku sita kabla mbele ya watu wote.

Basi tukawa tunakwenda na nyimbo na tunarudi tumeshiba. Kwa mtu ambaye tulisikia hana kitu, tulikuta wali. Kwa mwingine, kuku. Njiani nilikuwa nikiwaambia wenzangu, "Mmeona Mungu alivyo? Sisi tulidhani hapa kuna njaa." Nao walikubali. Hakuna aliyeuliza kuku yule alitoka wapi, wala kesho yake watu wa nyumba ile walikula nini. Swali hilo lilikuwa rahisi kulikwepa, kwa sababu nyimbo zetu zilikuwa nzuri na wenyeji wetu walicheka na kutushukuru mpaka barabarani.

Katika kanisa letu kulikuwa na mwanamke mmoja mpole, rika langu, ambaye zamani alikuwa jirani yangu. Tulichota maji bomba moja. Mume wake alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo kwa miaka mingi, mtu nadhifu, asiyetoka nje bila shati lililopigwa pasi. Alipopunguzwa walishindwa kodi ya Mirongo wakahamia Buhongwa, wakati huo bado kulikuwa mashamba matupu na mawe, ambako ndugu wa mume aliwapa kipande cha ardhi na nyumba ya udongo. Walikuwa na watoto wanne. Kila Jumapili mwanamke yule alitoka Buhongwa kwa miguu akaja kanisani, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango, ili viatu vyake vyenye vumbi visionekane. Alipenda kuimba. Hakuwa na sauti kubwa, lakini alijua kila ubeti, na wakati mwingine nikisahau maneno nilitazama midomo yake.

Mwezi wa kumi, katika matangazo, nilisimama nikasema Jumamosi ijayo kikundi cha akina mama kitakwenda Buhongwa kwa dada yetu, nikamnyooshea mkono. Aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Nilidhani ni unyenyekevu. Baada ya ibada alinifuata nje, akasimama pembeni mpaka waliokuwa wakinisalimia walipopungua, akaniomba kwa upole tusubiri kidogo, labda mwakani, kwa sababu nyumba ilikuwa bado haijakaa vizuri. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka getini kwamba hatuendi kuangalia nyumba, tunakwenda kumwona yeye. Waliokuwa karibu walicheka kwa furaha. Naye akacheka, akasema karibuni sana.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali, na mawingu ya mvua za vuli yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa. Tulishukia barabara ya Shinyanga tukafuata njia ya miguu katikati ya mashamba. Watu walikuwa wakitifua ardhi, wengine wameshamaliza, wanangoja mvua. Nilianzisha wimbo tukiwa bado mbali, ili watusikie tunakuja. Wakulima waliegemea majembe wakatutazama, sisi wanane tumejipanga katika njano na buluu. Sitasema uongo, nilijiona mrembo.

Mume wa mwenyeji wetu alitupokea mbele ya nyumba. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye kola iliyoanza kulika, limepigwa pasi kama zamani. Alitushika mkono mmoja mmoja, akasema leo nyumba yake imepata heshima. Shamba lao lilikuwa pembeni, limelimwa lote vizuri, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Nikamsifu. Akasema wanangoja mvua tu.

Tuliimba, tukaomba. Ushuhuda niliutoa mwenyewe, na siku ile ulimi wangu ulikuwa mwepesi. Nilieleza jinsi mshahara ulivyochelewa tukakosa hata mafuta ya taa, na jinsi tulivyomshukuru Mungu gizani mpaka msaada ukaja. Nilisema furaha ya Mkristo haingojei mwisho wa mwezi. Mume wa nyumba aliitikia "Ameni" kila nilipomeza mate. Hakuna anayejua kuniitikia vile hata leo. Kisha chakula kikaletwa, sinia mbili zilizojaa makande ya mahindi na maharage, yanafuka moshi.

Nikatia kijiko cha kwanza mdomoni, nikajua.

Inabidi nieleze. Kijijini kwetu mama yangu alikuwa akichagua mahindi ya mbegu siku ileile ya kuvuna. Alichukua yale makubwa, yenye punje zilizojipanga sawasawa, akakunja maganda yake nyuma, akayafunga mawili mawili na kuyaning'iniza jikoni juu ya moto. Moshi uliyapiga kiangazi chote. Yalikuwa meusi na wadudu hawakuyasogelea. Tulipolala njaa, na tulilala njaa mara nyingi, yale hayakuguswa, maana yakiliwa yameliwa ya mwaka unaofuata. Nilipokuwa na miaka tisa niliiba hindi moja nikalichoma nyuma ya zizi. Mama alinichapa, halafu akaketi chini akalia, na kulia kwake ndiko kulikonitisha. Ladha ile sikuisahau. Si moshi wa sufuria iliyoungua. Ni moshi ulioingia ndani kabisa ya punje.

Ndiyo ladha iliyokuwa katika makande ya Buhongwa. Wenzangu wengi walikulia mjini, hawakujua kitu. Walikula na kusifu. Mimi niliweka kijiko chini, nikasema naomba maji ya kunywa, nikanyanyuka kwenda jikoni mwenyewe.

Jiko lilikuwa kibanda cha miti ubavuni mwa nyumba. Mwenyeji wangu alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga akikwangua sufuria, na watoto wake wanne wamekaa ukutani wamenyamaza. Juu ya moto palikuwa na fito mbili nyeusi kwa masizi. Zilikuwa zimefungwa vikamba vya maganda, vingi, kila kimoja kimekatwa, na hapakuwa na hindi hata moja. Nilitazama juu, kisha nikamtazama yeye. Aliniangalia moja kwa moja, mwiko mkononi.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kuchuchumaa pale, nikamshika mkono, nikamwambia nimeona. Ningeweza kurudi nje nikawaambia wenzangu tumeshiba, tuyaache yaliyobaki. Yaliyopikwa hayawezi kupandwa, hilo najua, lakini watoto wangekula siku mbili. Na ningeweza kwenda mjini Jumatatu nikatafuta mbegu kabla mvua haijashuka. Yote haya yalinipitia kichwani kwa mpigo mmoja, na nilichosema ni hiki:

"Chakula kitamu sana, dada. Bwana akubariki."

Akateremsha macho kwenye sufuria, akasema ameni.

Nilijiambia kwamba nilinyamaza ili nisimwaibishe mume wake mbele ya wageni. Ni sababu nzuri, na kama ningekuwa mtu mwingine ningeikubali. Ukweli ni kwamba siku ilikuwa imekwenda vizuri mno. Ilikuwa siku yangu, nimeitangaza mimi, nimeiongoza mimi, na neno moja kuhusu mbegu lingeigeuza yote kuwa kitu cha kuonea haya. Nilirudi kwenye kiti changu nikaendelea kula.

Kuna jambo lingine, na hili linaniuma peke yake. Kati yetu alikuwepo bibi mmoja Mkerewe, mkubwa kuliko sote, mtu wa maneno machache. Nilimwona amekula vijiko viwili, akaweka kijiko kando ya sinia na kukunja mikono. Sijui kama alitambua moshi ule au aliona tu nyuso za watoto tulipofika. Mimi, nikiwa na hofu na hasira ambayo sikujua naielekeza kwa nani, nikamtania mbele ya wote.

"Bibi, leo umefunga? Au unataka shemeji aseme tumedharau chakula chake?"

Watu wakacheka. Mume wa nyumba alicheka pia, lakini uso wake uligeuka kumtazama bibi, ukangoja. Bibi akachukua kijiko akala, akaendelea kula mpaka upande wake wa sinia ukaisha, hakuinua macho. Shemeji aliponikaribisha niongeze, niliongeza. Tuliondoka sinia zikiwa nyeupe, tukiimba.

Jumapili ya mwezi uliofuata nilitoa ushuhuda wa safari ile madhabahuni. Nilisema tulikwenda kwenye nyumba isiyo na kitu tukala tukashiba. Nilitaja habari za yule mjane wa zamani aliyempikia nabii unga wake wa mwisho, na unga haukwisha. Kanisa lote likapiga vigelegele. Mwenyeji wetu wa Buhongwa alikuwa benchi la nyuma, akipiga makofi taratibu. Sikujiuliza katika habari ile mimi nilikuwa nani, wala kwa nini mimi sikubaki, kama nabii yule, kuangalia kama pipa lina unga.

Mvua za vuli zilinyesha vizuri mwaka ule. Kila asubuhi nikienda shule nilizisikia zikipiga mabati, na badala ya kufurahi niliharakisha hatua. Nilijiambia labda walikuwa na mbegu nyingine ndani, au ndugu wa mume aliwapa. Nikaomba Mungu awape. Sala hiyo niliisali kwa bidii sana, kwa kuwa ilinisaidia nisifanye lolote.

Mwanzoni mwa Desemba nilimkuta yule dada kando ya ziwa, mahali wanapouza mapanki. Alikuwa kwenye foleni na beseni. Mikono yake ilikuwa imekonda kiasi kwamba bangili ya plastiki ilikuwa ikipanda na kushuka hadi kwenye kiwiko. Nilimsalimia, nikaulizia watoto, shemeji, na nikajikuta nauliza mahindi yanaendeleaje.

Akasema walipanda mihogo pembeni na maboga kidogo. Jirani aliwapa viganja viwili vya mahindi, wakapanda karibu na nyumba. Sehemu nyingine imeota majani. "Tutalima masika, mwalimu," akasema. Alitamka kama mtu anayemfariji mwenzake, kisha foleni ikasogea naye akasogea.

Usiku ule sikulala, lakini hilo halina maana, maana kutolala hakumlishi mtu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mjini kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeanza kuuza pembejeo. Sikutaka mahindi ya sokoni. Nilitaka kilicho bora kabisa, nikanunua mbegu za mfuko, za kisasa, zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi. Mzee yule alinitazama juu ya miwani yake, akauliza kama napanda sasa hivi, mahindi ya watu yakiwa kiunoni. Nikamwambia hayamhusu. Nikabeba mfuko kichwani mwenyewe mpaka kituoni, nikiwa nimevaa gauni la kawaida, nikaenda Buhongwa peke yangu. Sikuimba njiani.

Nilimkuta mbele ya nyumba akichambua majani ya maboga. Mume wake hakuwepo. Alikuwa amevuka kwenda Sengerema kuulizia kibarua kwa jamaa zake, na huenda wangehamia huko. Mashamba ya majirani yalikuwa ya kijani kote. La kwao lilisimama katikati limejaa magugu, na matuta yake yaliyonyooka bado yalionekana chini ya majani.

Alinikaribisha, akaniletea kigoda. Nilitua mfuko mbele yake nikaufungua. Alichota punje kidogo akazitandaza kiganjani. Rangi ya waridi ilibaki kwenye vidole vyake.

"Hizi ni za dawa," alisema. "Haziliki."

Nikasema ni za kupanda. Akaitikia kwa kichwa, akatazama shamba, kisha mahindi ya jirani, na mimi nikatazama alikotazama. Nilikuwa nimeleta mbegu wakati hazipandiki, na nilikuwa nimezichagua zile ambazo watoto wake wasingeweza hata kuzichemsha. Alizirudisha punje mfukoni moja moja, akafunga mdomo wa mfuko, akanishukuru kwa mikono miwili. Alisema atazitunza mpaka masika, kama bado watakuwepo.

Nilimwambia hapo. Sikumwangalia, niliangalia majani ya maboga, lakini nilimwambia kwamba siku ile nilijua nilichokula, na kwamba niliziona fito. Alirudia kuchambua majani. Kisha akanieleza habari ya wiki ile baada ya tangazo langu. Yeye alitaka watume ujumbe kwamba mtoto anaumwa. Mume wake alikataa. Alisema wamemtoa kazini, wamemtoa mjini, lakini hakuna atakayesema kwamba wageni wa kanisa walitoka kwake na njaa. Ijumaa aliyashusha mahindi mwenyewe, akayapukuchua mwenyewe, na hakumruhusu mke wake ayaguse. Maharage waliomba kwa jirani.

"Nilikuwa mlangoni mwa jiko ulipoonja," akasema. "Nikaona uso wako. Nikasema, mwalimu amezaliwa kijijini, amejua. Ulipokuja jikoni nilimshukuru Mungu. Nikasema huyu anakuja kuniambia pole. Pole tu, mwalimu. Sikutaka kingine." Aliendelea kuchambua majani. "Ukaniambia chakula kitamu."

"Nisamehe, dada."

"Nilikusamehe palepale. Ulikuwa mgeni wangu." Akafikiri, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo bila kumkwaza mwenzake. "Kinachonisumbua ni nyimbo. Nilikuwa nazipenda. Ndizo zilizokuwa zikinitoa huku mpaka Mirongo kwa miguu. Sasa mkianza kuimba tu, nasikia njaa. Hata kama nimetoka kula."

Nilinyanyuka kwenye kigoda, nikaaga. Sikuomba sala. Alinisindikiza mpaka barabarani kama desturi, akauliza habari za wanafunzi wangu na mitihani, akanituma niwasalimie wenzangu wa kikundi. Wenzangu niliwapa salamu. Hayo mengine sikuwaambia, ingawa kuanzia mwezi ule niliwaamuru turudie kubeba vitu, na walinisifu kwa moyo wangu wa huruma.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, kwa kuwa Krismasi ilikuwa imekaribia. Alikuja. Aliketi palepale benchi la nyuma karibu na mlango, mikono mapajani. Mchungaji alipomaliza maombi alinitazama mimi, kama kawaida, niwaanzishie watu wimbo wa furaha. Nilijua ningeweza kutikisa kichwa, nikasema koo linauma, na mwingine mwenye sauti ndogo angeuanzisha. Kanisa zima lilikuwa limegeuka kunitazama, likingoja.

Nikasimama, nikaweka kitenge changu sawa, nikauanzisha.